Ua la Buluu Kati ya Kalavati Mbili

Kazini walimwita Bi Magazeti, na jina hilo hakulikataa, maana hapakuwa na mtu pale chuoni aliyependa gazeti kuukuu kuliko yeye. Si kwamba alilisoma. Ya mawaziri na ya wachezaji mpira hayakumhusu hata kidogo. Alichotaka ni karatasi yenyewe, ile inayofyonza maji. Kazi yake ilikuwa kukausha mimea. Watu walimletea majani na maua kutoka porini, yeye anayalaza vizuri kati ya magazeti, anayabana kwa mbao mbili, anakaza mikanda, na magazeti yakilowa anayabadilisha. Mmea ukishakauka anaubandika kwenye karatasi ngumu, anaugongea kibandiko cha jina, anaufungia kwenye kabati la chuma pamoja na jamaa zake. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, chenye giza kidogo, na kilinuka dawa ya nondo mpaka mgeni anapiga chafya mlangoni.

Mama yake hakuielewa kazi hiyo, lakini aliisifia kwa majirani. "Mwanangu anapiga pasi majani," alikuwa akisema. "Tena serikali inamlipa."

Basi siku moja likapita gari la matangazo, lile lenye kipaza sauti juu, linakoroma kila mtaa. Barabara ya zamani inayotoka mjini itapanuliwa. Mwenye kaburi la ndugu yake kando ya barabara hiyo aende akamwonyeshe msimamizi wa kazi, nalo litahamishwa kwa heshima zote. Asiyeonyesha shauri yake, greda halina macho.

Mama alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Akaacha. Mkono ukabaki juu ya ungo, mbegu mbovu kati ya vidole.

"Umesikia?" alimwambia binti yake. "Kaka yako yuko kule."

Hapa inabidi nieleze, maana kwa watu wa nje Bi Magazeti alikuwa ndiye kifungua mimba wa nyumba ile. Fomu zote za shule zilisema hivyo, na shangazi zake nao. Ila Mama hakukubali asilani. Mtu akimwambia "huyu ndiye mkubwa wako", anajibu papo hapo, "Huyu ni wa pili." Anajibu, anaendelea na shughuli zake, na mtu hana hamu tena ya kuuliza. Wa kwanza alikuwa wa kiume, alizaliwa kambini. Mama na marehemu Baba walikuwa vibarua wa barabara ile ile ilipokuwa inajengwa, Baba anachonga mawe, Mama anachota maji ya kumwagia vumbi. Mtoto aliugua, akafa kabla hajajua hata kukaa. Mji ulikuwa mbali, gari hakuna, wakamzika pale pale kando ya barabara, karibu na mahema. Kambi ikasonga mbele kufuata barabara, nao wakasonga nayo. Wangefanyaje?

Mama siku ya maziko alikuwa hoi kwa homa, hajiwezi hata kuinua kichwa. Alipoweza kutembea akakuta kifusi kimeshasawazishwa, kimepangiwa mawe madogo juu. Mawe yenyewe hayakudumu, vibarua waliokuja baadaye waliyazoa wakajazia mashimo. Baba ndiye aliyejua mahali hasa, naye alikuwa mtu ambaye ukimuuliza jambo la moyoni anatafuta nyundo yake. Kila Mama alipotaka waende wote wakaone, alijibu "tutakwenda". Akafa hawajakwenda. Sasa Mama alikuwa na jambo moja tu analolitaka duniani, na alilisema wazi bila kuzunguka: mtoto aletwe makaburi ya mjini alazwe kando ya baba yake, na greda lisimpitie kichwani.

"Tutamjuaje alipo, Mama?"

"Kuna ua."

"Ua gani?"

"La buluu. Hakuna aliyelipanda, tulilikuta. Lilikuwa kichwani pake kabisa. Wakifyeka nyasi linarudi, nyasi zikiungua linarudi, tena hapo hapo. Kati ya kalavati mbili, upande wa kushoto ukitoka mjini. Nilikuwa nakaa pale nalipapasa majani mpaka wenzangu wananiita."

Haya. Bi Magazeti ndiye mtu wa maua katika ukoo mzima, kazi ikaangukia kwake, na kusema kweli aliifurahia. Alijiona kama daktari aliyeitwa nyumbani kwao wenyewe. Magoti ya Mama yalikuwa yanamsumbua wiki ile, hivyo Jumamosi akaenda peke yake, na kofia, na kioo cha kukuzia kilichofungwa kamba shingoni, na fungu la magazeti kwapani. Alishuka kwenye basi penye kalavati ya kwanza, kidaraja cha mawe cha kupitishia maji chini ya barabara, akaangalia mbele.

Ukingo mzima ulikuwa wa buluu.

Kutoka kalavati ya kwanza hadi ya pili, kulia na kushoto, vichwa vidogo vya buluu vimejaa mpaka kwenye vigingi vyekundu vya wapima barabara. Akainama, akachuma kimoja, akasugua jani, akanusa. Harufu ile ya beberu. Alilijua gugu hilo, nani asiyelijua? Lilikuja na mbegu za watu kutoka mbali, likapenda kando ya barabara, likakaa. Ni mmea wa msimu mmoja. Unaota, unachanua, unamwaga mbegu, unakufa. La mwaka huu si la mwaka jana, sembuse la enzi za kambi.

Kwa kweli kuna wakati alisita. Alikumbuka kwamba kwenye nyasi kavu kama zile kuna mmea mwingine, wa asili ya hapo hapo, wa kudumu, wenye vichwa vya maua vinavyofanana kidogo na vile. Alikuwa ameubandika kwa mkono wake mara nyingi, ulikuwa na folda yake kabati la mwisho dirishani. Lakini ule maua yake ni ya kahawia. Hilo alilijua kama anavyojua kiganja chake. Mama alisema buluu, basi si ule. Jua lilikuwa linachoma kisogo. Akachuma mashina machache huku na huku, yote ya gugu, akayalaza kwenye gazeti kwa ushahidi, akadandia basi la kurudi.

Mama alikuwa mlangoni anamsubiri, kajifunga kanga mpya.

"Umeliona?"

"Mama, nimeona mengi sana. Ni gugu lile, limejaa kila mahali. Linaishi mwaka mmoja tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haliwezi kutuonyesha kitu. Hata kama kweli lilikuwepo pale kichwani, lilishakufa, na mbegu zake zimetapakaa. Labda ulilolikumbuka..."

"Labda nini?"

"Labda ni muda, Mama. Ni zamani mno."

Mama alikaza kanga yake mpya. Alimtazama, akalitazama lile gazeti, akaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu. Nyumba ile, ukisikia mlango umebamizwa hakuna tatizo. Ukifungwa taratibu ujue kumekucha. Tangu siku hiyo Bi Magazeti akawa anapewa chai isiyo na sukari. Chai inaletwa, inawekwa mezani, neno hakuna. Mdogo wake wa kiume, fundi friji, ambaye hulala na kula hapo hapo na hajui kukaa kimya, alionja kikombe cha dada yake kwa bahati mbaya, akatoa macho.

"Dada, umemfanya nini?"

"Nimemwambia ukweli."

"Basi kamwambie uongo, tafadhali. Kesho itafika zamu yangu."

Lakini ukweli haukumkaa Bi Magazeti vizuri. Aliuma mdomo kazini, aliuma mdomo kitandani. Kilichomwumiza si chai. Alikuwa amemwambia mama yake mzazi, kwa maneno ya upole na sauti ya kitaalamu, kwamba kaburi la mwanawe limepotea na yeye mwenyewe kumbukumbu zimemtoka. Alijisikia vibaya sana, na hakujua pa kuanzia kurekebisha, maana alichosema aliamini ni kweli.

Katikati ya wiki, akiwa anakaza mikanda ya mbao zake, mlango wa chumba cha mimea ukafunguliwa. Mama. Kavaa viatu vya kutokea, mkoba mkononi, anahema kwa ngazi.

"Nimekuja kuona hayo majani yako," alisema. "Miaka yote nasikia tu."

Akapiga chafya mara tatu mfululizo. Bi Magazeti alimpa kiti, hakukitaka. Alitaka makabati yafunguliwe. Basi likafunguliwa moja, folda zikatolewa na kuwekwa juu ya meza, Mama akawa anapita meza ile kama mtu anayekagua wagonjwa wodini. Kila mmea alikuwa na la kusema.

"Huyu naye alikosa nini mpaka mkamfanyia hivi?"

"Mama, hiyo ni kazi ya sayansi."

"Nimeuliza tu. Na huyu? Huyu ni mchunga, mbona tunala. Umemnyima hata maji."

Bi Magazeti akacheka bila kutaka, na Mama naye mdomo ukamcheza kidogo, na hapo angalau hewa ikarudi chumbani. Wakaendelea kabati kwa kabati. Mama alikuwa anatafuta kitu na wote wawili walijua anatafuta nini, ila hakuna aliyekitaja. Walipofika kabati la mwisho, la dirishani, Mama alifungua folda mwenyewe, akasimama.

"Mama, usiguse, yanavunji..."

Alishagusa. Vidole viwili vilikuwa juu ya jani, vinakwenda na kurudi, polepole, kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye ncha. Jani lilikuwa na manyoya mafupi magumu kama sikio la mbuzi. Mama alifumba macho.

"Ndilo hili," alisema.

"Siyo, Mama. Hilo maua yake ni ya kahawia. Liangalie."

"Nani kasema ni ya kahawia?"

"Si hayo hapo? Angalia mwenyewe!"

Mama akafumbua macho akamgeukia. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomtisha binti yake.

"Baba yako alipokuwa amelazwa kwenye kile chumba cha baridi," alisema, "ulimwona. Ile ndiyo ilikuwa rangi yake?"

Bi Magazeti alisogea mezani. Akaiangalia karatasi ile, aliyoibandika kwa mikono yake, kisha akaangalia ya chini yake, na ya chini yake tena. Kahawia, kahawia, kahawia. Hajawahi kuliona ua lile likiwa hai hata siku moja. Yote yaliletwa yakiwa tayari yamekaa kwenye magazeti siku kadhaa. Yeye alikuwa anaijua mimea kama mchimba kaburi anavyojua watu.

Alitoka mbio hadi chumba cha pili, kwa mwalimu mzee wa mimea, ambaye alikuwa anamenya chungwa.

"Mwalimu, ule wa kabati la dirishani, wa nyasi kavu, wenye majani ya manyoya. Maua yake yakiwa mabichi yana rangi gani?"

"Buluu," mwalimu akasema. "Buluu nzuri sana. Haikai, ikikauka inatoweka. Kwani hukujua?"

"Sikujua."

"Ala! Na wewe umeibandika yote?"

"Mwalimu, nicheke baadaye. Mzizi wake ukoje?"

Mwalimu aliweka chungwa chini. Alisema hapo ndipo penye tatizo la karatasi zote za chumba kile: wachumaji ni wavivu, wanakata usawa wa ardhi, mzizi wanauacha. Lakini yeye aliwahi kuuchimba. Ni mnene, umeshuka chini sana, na unaongezeka unene mwaka hadi mwaka. Juu unaweza kufyeka, kuchoma, kukanyaga kwa magari, yeye anatoa ua jipya kutoka chini pale pale. Haendi popote. Umri wake hakuna aliyewahi kuujua.

Bi Magazeti alirudi akamkuta Mama bado amesimama, kidole juu ya jani.

"Nisamehe, Mama," alisema.

"Mwite mdogo wako alete pikapu," Mama akajibu. "Greda haliningoji."

Na kweli halikungoja. Walipofika siku ya pili yake asubuhi, fundi friji kwenye usukani na friji mbovu ya mteja bado imefungwa nyuma, greda lilikuwa limeshapita kalavati ya pili na linakuja upande wao, linakwangua ukingo mpaka udongo mwekundu. Msimamizi wa kazi alikuwa mtu mnene, koti la kung'aa limemkataa vifungo, sauti imekauka kwa vumbi. Alimwamkia Mama kwa heshima, kisha akasema alilokuwa nalo.

"Shikamoo, mama yangu. Kaburi liko wapi?"

"Marahaba. Liko hapa kati. Lina ua."

Msimamizi akaangalia ukingo wote ule wa buluu. Akajifuta jasho.

"Mama, nakuheshimu kama mzazi wangu. Lakini wiki hii nimechimba sehemu chungu nzima kwa sababu mtu kaniambia 'ni hapa', tukakuta shimo la fuko. Nionyeshe alama nisimamishe mashine. Kwa ua siwezi."

"Tupe nafasi mpaka greda lifike kwenye kalavati hii," Bi Magazeti akasema.

"Likifika, limefika," Msimamizi akajibu, akaenda kumfokea mtu wa lori.

Bi Magazeti akavua kofia, akapiga magoti. Safari hii hakuangalia rangi. Alitambaa ukingoni akipapasa majani kama kipofu: laini, lenye harufu ya beberu, ng'oa, tupa. Laini, ng'oa, tupa. Gugu lilitoka bila ubishi, lina kimzizi cha uzi. Mdogo wake alimfuata nyuma na jembe, akilalamikia suruali yake. Mama alitembea juu ya lami, sambamba nao, mkono kiunoni. Na greda likazidi kunguruma.

Jani la kwanza lenye manyoya magumu lilimchoma kidole karibu na kigingi. Akafukua kando kwa vidole, mzizi ukatokea, mnene kama kidole gumba.

"Mama!"

Mama akainama kutoka barabarani. "Si hilo. Hilo ni la juzi juzi."

Akapata lingine, nalo dogo. Wakati huo greda lilikuwa limefika nusu, na vumbi lake lilianza kuwaangukia. Fundi friji akasema labda wamwombe dereva asimame, dada yake akamwambia aombe yeye, akaenda kweli, akapunga mikono mbele ya ile mashine kama mtu anayefukuza ng'ombe, akatukanwa, akarudi.

Halafu Bi Magazeti akaweka kiganja chini na hakugusa udongo. Aligusa majani matupu, yamelala bapa, yamefyekwa na kufyekwa tena mpaka yakajifunza kukaa chini, yamejitandaza upana wa sinia. Magugu yalikuwa yameyafunika kabisa. Akayang'oa kwa mikono miwili. Chini yake kulikuwa na vichwa vifupi vya maua, havizidi urefu wa kidole, na rangi yake, sasa alipoiangalia kwa macho yake, haikufanana na ya gugu hata kidogo. Ilikuwa buluu iliyokolea ya wino wa shule. Juma lililopita alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale na magazeti yake kwapani.

Hakuita. Aliinua uso tu, akamkuta Mama ameshashuka kutoka barabarani, magoti au si magoti.

"Chimba upande wa pembeni," Mama akamwambia mwanawe wa kiume. "Pole pole. Ukimkata nitakukata."

Akachimba. Mzizi ulikuwa mnene kama mkono wa mtu mzima, mweusi, una makunyanzi, unashuka moja kwa moja. Bi Magazeti akaingiza mkono kuufuata, akilala kifudifudi, shavu kwenye nyasi. Mkono uliposhuka hadi karibu na kwapa, mzizi ukakata kona. Ulikuwa unashuka vizuri, ghafla ukageuka ukaenda ubavuni, umelala kama mtu aliyekuta mlango umefungwa.

"Kuna kitu," alisema. "Umekwepa kitu."

Mdogo wake akashusha jembe. Likagonga jiwe, likalia.

Ni sauti hiyo iliyomleta Msimamizi, maana alijua mawe kuliko alivyojua watoto wake. Alikuja akiwa tayari na maneno mdomoni, akaona shimo, akayameza. Alishuka na tumbo lake, akafuta udongo kwa kiganja, akafuata ukingo wa jiwe kwa kidole. Ulikuwa umenyooka. Akafuata wa pili. Nao umenyooka. Akainua mkono mmoja juu bila kugeuka, na greda likazima.

Wakasikia panzi.

"Hili halikuota hapa," Msimamizi alisema. "Hili ni jiwe la kufunikia kalavati, la zamani, lile la kuchongwa kwa mkono. Angalieni alama za patasi. Mama, nani aliliweka hapa?"

Mama alikuwa ameshika kinywa.

"Mimi sikuwepo," alisema. "Nilikuwa na homa. Alizika baba yao."

"Yeye na nani?"

"Yeye peke yake. Wengine walikuwa kazini."

"Haiwezekani, mama. Jiwe hili tulikuwa tunalibeba watu wawili, tena wenye miili."

Mama akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na kanga yake safi.

"Siku ile alirudi kwenye hema hawezi kunyoosha mgongo," alisema. "Nikamuuliza, akasema ameteleza. Nikajua amelewa. Mtoto kafa, mwenzangu kaenda kulewa. Na nilimwambia. Nilimwambia siku ile, na nikamwambia tena tulipozeeka, kwamba alimfukia mwanangu juu juu kama paka, asije akachelewa kazini. Hakunijibu. Angenijibu tu, jamani! Angesema tu 'nimemfunika'!"

Akalia. Alilia kwa sauti, mama mtu mzima, mbele ya vibarua na dereva wa greda, na alimlilia mumewe zaidi kuliko mtoto, kwa sababu mtoto alishamlilia miaka yote na mumewe alikuwa hajamlilia ipasavyo. Bi Magazeti alimshika bega upande mmoja, fundi friji upande wa pili.

Msimamizi alivua kofia yake ngumu akaishika kifuani. Baadaye, alipoona machozi yamepungua, akakohoa.

"Mimi nilishangaa sana kwa nini kalavati ile inavuja upande mmoja," alisema. "Nyapara wake angemfukuza kazi, mama yangu. Jiwe la serikali!"

Mama akacheka katikati ya kilio. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akasema nyapara mwenyewe alikuwa mwizi wa saruji, asingethubutu.

Wakaja watu wa kuhamisha makaburi, wakalinyanyua jiwe. Walikuwa wanne na walitoa jasho. Chini yake hapakuwa na cha kumwonyesha mtu, ni miaka mingi na mtoto alikuwa mdogo mno, ila udongo wa pale ulikuwa mweusi kuliko wa kandokando, sehemu ndogo, ndefu, yenye umbo lake. Wakauchukua wote kwa mikono wakautia kwenye sanduku. Jiwe nalo likapakiwa kwenye pikapu kando ya friji, Msimamizi akiangalia upande mwingine.

Likabaki ua. Bi Magazeti alilichimba yeye mwenyewe mpaka giza likakaribia, akatoa mzizi kadiri alivyoweza, na mwisho ikabidi aukate. Alipolishika mikononi, zito, likimwagika udongo, mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwapani kuchukua gazeti.

"Thubutu!" Mama akasema.

Basi akalifunga kwenye kanga ya Mama iliyolowa maji. Kesho yake mtoto akalazwa kando ya baba yake, jiwe likawekwa juu, na ua likapandwa kichwani. Halikuchukua wiki mbili likanyauka. Maua yakawa ya kahawia, majani yakakauka, yakavunjika, yakapeperushwa. Mama alikwenda kila alipoweza na dumu la maji, akarudi na uso wa chai isiyo na sukari.

"Sasa limefanana na ya kwako," alimwambia binti yake.

"Tusubiri mvua, Mama."

"Umeukata mzizi."

"Niliukata. Tusubiri."

Alisema kwa kujikaza tu. Kazini alikuwa akifungua folda ya kabati la dirishani anaiangalia, kisha anaifunga, na mwalimu mzee alipomuuliza vipi, alijibu bado. Kiangazi kikapita chote. Mvua zikachelewa, zikanyesha, zikakatika, zikanyesha tena. Mama akaacha kulitaja ua, na Bi Magazeti hakuthubutu kuuliza.

Asubuhi moja alikuwa anabadilisha magazeti yaliyolowa, simu ikaita mfukoni. Mama hakusalimia. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na upepo, na mtu anafagia mbali.

"Uko kazini?"

"Niko kazini, Mama. Kuna nini?"

"Omba ruhusa uje umwone kaka yako," Mama akasema. "Majani hata hana bado, kaanza na ua."

Bi Magazeti alikaa juu ya fungu la magazeti. Alitaka kuuliza la rangi gani, akaona aibu, na Mama akamjibu bila kuulizwa.

"Buluu," alisema. "Na usije na magazeti yako."